Chachu ya Ng'ombe Kutoka Kimara

Baba mkwe wangu alibeba mizigo bandarini tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomgomea. Alipostaafu hakuwa mtu wa kukaa barazani akisubiri kuletewa chai. Alijenga banda la mabanzi na mabati nyuma ya nyumba yetu huku Chamazi, pembezoni kabisa mwa Temeke, akaanza kwenda mnadani Pugu kuchagua madume waliokonda. Akija nao anawanenepesha, kisha anawauza. Mume wangu anaendesha lori la mizigo kutoka Kurasini kwenda Kongo, na watoto wako shule ya bweni, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha, hukohuko Kurasini. Nikirudi jioni nilibadilisha nguo, nikavaa gambuti, nikaenda kumsaidia kusomba maji na kuchanganya chakula.

Mambo ya ng'ombe nilijifunzia kwake. Kwetu walilima mpunga na kufuga kuku, basi. Baba alikuwa na utaratibu wake: nyasi kavu kwanza, kisha pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, na molasi kidogo ya kuwatia hamu. Shida yake ilikuwa moja. Kila alipoongeza pumba ili wanenepe upesi, ng'ombe waliharisha. Kinyesi kikawa uji, hamu ikakata, na ile nyama iliyokuwa imeanza kujijenga mgongoni ikayeyuka tukiiona. Ikabidi arudi kwenye nyasi, aanze upya. Kuna jioni alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawatazama ng'ombe wake kama mtu anayetazama nyumba yake ikivuja.

Nikamweleza rafiki yangu.

Yeye na mimi tulianza kazi siku moja pale ofisini, tukapewa meza moja tugawane. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mume wangu akiwa Zambia njiani, na mkono nilioushika wodini ulikuwa wa huyu rafiki. Mama yake alipofariki nililala kwao mpaka matanga yakaisha. Baadaye aliacha kazi ya ofisi, akahamia Kimara na kufungua duka la dawa na vyakula vya mifugo. Nilimwita shoga, naye aliniita hivyohivyo, na sikumbuki jambo langu lolote ambalo hakulijua.

Alinisikiliza, kisha akanieleza vizuri sana. Ndani ya tumbo la ng'ombe mna vijidudu vingi vinavyomsaidia kusaga majani. Ukimrundikia pumba kwa ghafla, tumbo linachachuka, asidi inapanda na vile vijidudu vyema vinakufa. Dukani kwake alikuwa na dawa ya unga ambayo hasa si dawa, ni chachu hai, ndugu yake na hamira tunayotia kwenye maandazi, ila hii imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ukimnyunyizia kwenye chakula kila siku, tumbo linatulia. Wataalamu wanaiita probayotiki. Sisi nyumbani tuliiita dawa ya Kimara.

Aliponikabidhi pakiti ya kwanza aliishika kwa mikono miwili. "Vimo hai humu, shoga," aliniambia. "Usiiweke juani, utaviua."

Baba alicheka aliposikia. Alisema tangu azaliwe anajua mdudu ndiye anayeua ng'ombe, na leo mkwewe anataka amlishe mdudu kwa mkono wake mwenyewe. Ila alikuwa mtu wa kuuliza. Alimwita afisa mifugo wa kata, kijana mpole mwenye pikipiki isiyozimika mpaka uisukume ukutani, akamwonyesha pakiti. Yule afisa akasema ni kitu halali na wafugaji wengi wanakitumia. Kisha akarudia jambo moja zaidi ya mara moja: dawa ile haikuwa ruhusa ya kumjaza ng'ombe pumba. Pumba ziongezwe kidogo kidogo, na nyasi zisitoke kamwe kwenye hori. Baba aliitikia kwa kichwa.

Matokeo yake tuliyaona kwa macho. Kinyesi kilishika umbo. Ng'ombe walikuwa wakimaliza kula wanajilaza na kucheua wakiwa wamefumba macho nusu, na baba alipenda sauti ile ya kucheua kuliko redio. Manyoya yaliyokuwa yamesimama yalilala, ngozi ikang'aa. Akawa anainyunyiza dawa mwenyewe, kwa ncha za vidole, kama mpishi anayeonja chumvi. Ukifungua pakiti ilikupiga harufu ya donge la unga uliolala usiku kucha ukiumuka, harufu ninayoijua tangu utotoni kwa sababu mama yangu aliuza maandazi tukasoma.

Katika madume wale alikuwepo mmoja mweusi, mwenye paji jeupe na nundu iliyoegemea upande. Alikuja mifupa mitupu. Kufikia wakati ninaosimulia, alikuwa akipita mlango wa banda mbavu zake zinagusa mbao pande zote mbili. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyuma Temeke, mteja wa baba wa miaka mingi, alimchagua huyo kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Kila alipopita kumtazama alivua viatu vyake vizuri, akaazima kandambili za baba, akaingia ndani kumkagua meno, kwato na macho, kwa kuwa mnyama wa kuchinja hatakiwi kuwa na kasoro. Akitoka anamwambia baba kwamba ng'ombe huyu ana adabu.

Furaha ile haikunikaa kifuani peke yangu. Nilimweleza jirani yetu mwenye ng'ombe wa maziwa, nikamweleza fundi seremala wa mtaa wa pili aliyekuwa naye ananenepesha, na wote wakawa wananiagiza. Nilinunua kwa niaba yao, maana nilionana na rafiki yangu mara kwa mara mjini. Yeye aliniomba kitu kimoja tu, nimrudishie pakiti tupu. Alisema wanaomletea mzigo wanampa nafuu akirudisha pakiti. Kwa hiyo nilizikusanya, zangu na za majirani, nikazifuta vumbi, nikazikunja vizuri, nikawa nampelekea kwenye mkoba wangu wa kazini. Niliona ni msaada mdogo kwa mtu aliyenisaidia mno.

Ijumaa moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta baba amesimama bandani, hori la yule mweusi likiwa limejaa. Dume hakuwa amegusa chakula. Alisimama kichwa chini, masikio yamelegea, anasaga meno kwa sauti ya jiwe juu ya jiwe. Nyuma yake kulikuwa na kinyesi chepesi cha rangi ya kijivu chenye mapovu, na harufu yake ilikuwa kali kama togwa iliyosahaulika juani. Baba alisema ameanza hivyo mchana.

Nilimpigia afisa mifugo, simu yake haikupatikana. Nikampigia rafiki yangu. Nilimweleza kila kitu, mapovu, kusaga meno, hata ile harufu.

"Mwongezee ile dawa," akasema. "Mkorogee kwenye maji ya uvuguvugu, mnyweshe na chupa. Mpe mara mbili ya mlivyozoea."

Tukafanya hivyo. Baba alimshika pua na kuinua kichwa, mimi nikamimina. Dume yule, ambaye angeweza kutubamiza wote wawili ukutani, alikubali kila kitu kwa unyonge uliotuogopesha kuliko kama angetupiga teke. Uji mweupe ulimtiririka kidevuni. Nilimfuta kwa kanga yangu. Baba akaniambia nikapumzike, dume atalala kwa leo na kesho atakuwa sawa.

Alfajiri nilisikia baba ananiita, sauti yake si ya kawaida. Nilipofika nilimkuta yule mweusi amelala, shingo amenyoosha, tumbo upande wa kushoto limepanda kama ngoma. Macho yake yalikuwa yamezama ndani. Seremala alisikia kelele, akaruka ukuta na kisu mkononi awahi kumchinja kabla roho haijatoka, nyama isije ikawa haramu kwa kila mtu. Alipiga magoti, akamshika chini ya taya. Kisha akakiweka kisu chini kwenye majani na kumtazama baba. Hakuwa na la kuwahi tena.

Mimi sijawahi kuona mnyama mkubwa hivyo akiwa amekufa. Ilikuwa kama ukuta umeanguka ndani ya banda. Wenzake walikuwa wamebanana pembeni, hakuna aliyekula. Baba aliingia, akakaa chini palepale kwenye samadi akiwa na shuka lake, akaweka mkono kwenye lile paji jeupe. Nilimwambia, baba, amka, utaugua mgongo.

Afisa mifugo alifika asubuhi simu yake iliporudi hewani. Aliomba ruhusa ya kumpasua aone, baba akakubali. Alipofungua tumbo kubwa, ile harufu ya uchachu ilitusukuma wote nyuma, na seremala akaenda kutapikia kwenye mgomba. Pumba zilikuwa zimejaa mle ndani kama zege bichi. Utando wa ndani wa tumbo, ambao afisa alisema unapaswa kushikamana, ulikuwa unabanduka kwa kidole kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Alisema asidi ndiyo iliyomuua. Akauliza tulikuwa tunampa nini, kiasi gani. Baba akasema ni kilekile cha siku zote. Afisa akaomba kuiona dawa.

Nilimletea pakiti iliyokuwa imefunguliwa. Aliinusa, akanusa tena, akanipa na mimi ninuse. Hapo ndipo nilipogundua. Haikunuka chochote. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoisikia ile harufu ya maandazi. Baba ndiye aliyekuwa akinyunyiza, mimi nilikuwa nikifika jioni na kuchanganya tu yaliyokwisha kunyunyizwa.

Wakati afisa ananawa mikono, niliingia jikoni. Nilipasha maji kidogo, nikatia molasi, nikakoroga humo kijiko cha ile dawa, nikafunika na sahani, namna ileile mama alivyoipima hamira aliyoishuku. Pembeni nikaweka kikombe kingine chenye hamira yangu ya dukani. Nilisubiri. Hamira ikapanda, ikatoa mapovu, ikataka kufurika. Kile kikombe kingine kilitulia tuli. Unga mweupe ulizama chini, maji ya molasi yakabaki juu. Nilitia kidole, nikaonja. Ilikuwa sembe. Sembe laini ya kusongea ugali.

Tulikuwa tumemnywesha ng'ombe anayekufa kwa kula nafaka nyingi chupa nzima za uji wa mahindi.

Wazo langu la kwanza, naliandika hapa kama lilivyonijia, lilikuwa kumhurumia rafiki yangu. Niliwaza kwamba waliomletea mzigo wamemwibia. Niliwaza wateja wake wote wa Kimara na ng'ombe wao. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa, na mambo kama haya si ya kumwandikia mtu ujumbe. Ilikuwa Jumamosi, sikuwa na kazi. Nilimwachia baba na majirani shughuli ya kuchimba shimo nyuma ya migomba, maana mzoga ule usingeweza kulala juu ya ardhi na jua lile, nikaoga, nikaondoka kwenda Kimara kumwonya.

Duka lilikuwa limefungwa. Nikapanda kilima mpaka nyumbani kwake. Kwake sikuwa mtu wa kugonga mlango wa mbele. Nilizunguka uani kama nilivyozoea, nikasema hodi huku nimeshaingia.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka na shangazi yake. Katikati yao palikuwa na kiroba cha sembe kilichokatwa mdomo, chekecheke na beseni. Shangazi alikuwa anachota kwa kikombe anajaza kwenye pakiti. Rafiki yangu alikuwa ameshika pasi ya umeme, waya umevutwa kutoka dirishani, anaipitisha juu ya kitambaa kuubana mdomo wa pakiti. Ilikuwa kazi safi. Mikono yake ilikuwa ikienda bila kutazama, kama ya mtu aliyeifanya mara nyingi. Na ubavuni mwake zilipangwa pakiti tupu zikisubiri zamu yao, zimekunjwa mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Ni mkunjo wangu. Ndivyo ninavyokunja nyaraka ofisini.

Nilisimama pale na mkoba begani. Shangazi ndiye aliyeniona kwanza. Alinikaribisha kwa furaha, akasema nimepotea sana, akataka kuinuka aniletee maji. Nilimpa shikamoo. Mpaka leo nashangaa kwamba nilimpa shikamoo.

Rafiki yangu aliiweka pasi pembeni, akaisimamisha kwa makini isiunguze mkeka.

"Ng'ombe amekufa," nikamwambia.

Hakuuliza ng'ombe gani. Alimwambia shangazi aende ndani. Shangazi alitutazama kwa zamu, kisha akaondoka na kikombe chake mkononi.

Alianza kueleza kwa sauti ya chini, akitazama lile beseni. Dawa halisi ilikuwa inakuja kwa shida. Mara mzigo umechelewa, mara haujaja kabisa, na wateja wanapiga simu kila siku. Akaanza kwa kuchanganya, nusu dawa na nusu sembe. Watu hawakulalamika. Wengine walimsifu. Basi akaendelea kupunguza, na siku moja akakuta anajaza sembe tupu na bado wanamshukuru.

"Mie nilijua haidhuru mtu," akasema. "Ni unga tu, shoga. Sie wenyewe tunakula."

Nilimuuliza jambo lililokuwa linanichoma tangu jikoni kwangu. Nilimwambia, jana nilikupigia, nikakueleza mapovu, nikakueleza anavyosaga meno. Ulijua ni sembe. Kwa nini uliniambia nimwongezee?

Jirani upande wa pili wa ukuta alikuwa anatwanga, tukawa tunausikia mchi.

"Ningekwambia nini?" akasema.

Nimejaribu mara nyingi kuyasikia upya maneno yale yakiwa na ubaya ndani yake, siwezi. Aliyasema kama mtu anayeuliza njia. Alitaka kweli nimwambie. Nilimtazama mtu niliyemshika mkono wakati nazaa, nikaona ni yuleyule, uso uleule, kovu dogo la nyusi lilelile, na sikujua niweke wapi nilichokiona. Niliokota pakiti moja aliyokwisha kuibana, nikaitia mkobani na kuondoka. Aliniita mara moja. Sikugeuka.

Niliporudi Chamazi sikuingia nyumbani kwanza. Nilipita kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa na kwa seremala, nikawaambia waache ile dawa, nikawaambia ni nini na imetoka wapi. Seremala alikuwa bado ana udongo wa shimo miguuni. Alinitazama kama mtu anayepima nimejua lini. Nililiona swali lile kwenye macho yake, na nadhani halikuisha siku hiyo. Nilimpa afisa mifugo ile pakiti. Alinishukuru, akauliza kama nina uhakika ninataka aifikishe inakohusika. Nikasema ndiyo. Siku chache baadaye nilisikia duka la Kimara limewekewa kufuli na watu wa serikali. Mume wangu nilimweleza kwa simu, yuko kwenye foleni ya mpakani. Akauliza, "Yeye mwenyewe?" Akarudia tena, "Yeye mwenyewe?"

Mzee wa Kihindi alikuja bila kujua, amevaa kanzu nyeupe. Baba alimpeleka nyuma ya migomba, akamwonyesha tuta la udongo. Mzee alisimama pale na zile kandambili za kuazima. Alimwambia baba pole kwa namna ambayo watu huambiana msibani, akimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema dume yule hakuwa ameandikiwa kuwa wake. Akachagua dume mwingine, mwekundu, mdogo zaidi, wala hakukagua meno.

Nilidhani mshtuko wangu umefika mwisho wake. Lakini baba aliacha kula. Nilimpelekea chakula kikarudi vilevile, akawa anakwenda bandani anasimama tu. Nilifikiri ni huzuni ya ng'ombe, au hasira kwa rafiki yangu ambaye alikuwa akimwita binti yake. Siku moja tukiwa tunachambua nyasi aliniambia bila kunitazama.

"Mama, mie ndiye niliyemshindilia pumba."

Akaeleza. Idi ilikuwa inakaribia, na alitaka yule mzee akija amkute dume asiye na mfano. Kwa kuwa dawa ilikuwa inafanya kazi vizuri, aliona inaweza kubeba zaidi. Nikienda kazini asubuhi, aliondoa nyasi horini, akajaza pumba tupu, akarudia mchana. Nikikaribia kurudi alirudisha nyasi juu ili nisianze maneno. Mwili ule mkubwa uliobeba magunia ya watu maisha yake yote ulikuwa unatikisika, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye nyasi. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata alipozikwa mama mkwe. Nilibaki na fundo la nyasi mkononi, sijui niliweke chini au niendelee kuchambua.

Nilimtafuta afisa mifugo, nikamweleza alichofanya baba, nikamuuliza waziwazi. Kama dawa ingekuwa halisi, ng'ombe angepona? Alifikiri. Akasema chachu ingemsaidia kidogo, pengine asingezidiwa upesi hivyo, lakini kwa pumba kiasi kile bila nyasi hakuna dawa ambayo ingembeba. Akasema pia kwamba baba aliongeza kwa kuiamini dawa, na dawa haikuwemo. Halafu akasema yeye hawezi kuyatenganisha hayo mawili, akapiga teke pikipiki yake akaenda.

Maneno hayo niliyabeba muda mrefu. Niliona ni haki ya rafiki yangu naye ayasikie, hata kama sikutaka kumwona. Nilikwenda Kimara siku ya kazi nikitoka Kurasini. Mlango wa duka ulikuwa bado umefungwa. Yeye alikuwa ameweka meza ndogo mbele ya mlango huo, anauza nyanya na vitunguu. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, kisha hakujua aifanyie nini.

Nilimwambia kila alichosema afisa, na alichokiri baba. Sikumficha hata sehemu moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukaanza kulegea, taratibu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Kwa hiyo sikumuua," akasema.

Nilisubiri aendelee. Nilidhani ataniuliza baba yu hali gani, au atataja ile simu ya jioni, au zile pakiti nilizomkunjia. Mteja akafika, akataka vitunguu, naye akainama kumchagulia, akitafuta vilivyo vigumu, akimwondolea maganda yaliyolegea. Alipoinuka alinitazama akiwa karibu kutabasamu, akaniuliza kama sitaki kubeba nyanya kidogo za nyumbani.

Nikamwambia ninazo.